Wageni Wakishaondoka Msibani

Sisi Wakristo wa Tanzania tunajua kuzika. Kwaya inafika, akina mama wanashika jiko, daftari la rambirambi linazunguka, mchungaji anahubiri ufufuo. Matatizo huanza wageni wakishaondoka. Ndugu wa marehemu wanakaa kikao, na mjane aliye pale kwenye mkeka anasikia nyumba, shamba na pikipiki vinagawanywa kana kwamba yeye hayupo.

Mimi ni mzee wa kanisa, na ushauri wangu ni huu: tukitaka kuwatunza wajane na yatima, tuwasindikize kwenye mirathi. Mchele na sukari ya Krismasi tuendelee kupeleka, lakini mama aliyenyang'anywa shamba ataomba mchele maisha yake yote. Yakobo 1:27 tunaijua kwa moyo. Isaya 1:17 hatuihubiri sana, nayo inasema, "mpatieni yatima haki yake, mteteeni mjane."

Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwacha mjane huru kuishi anapotaka, aolewe tena au asiolewe. Shemeji hana haki ya kumrithi. Lakini kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliandika kwamba mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya kutetea haki za wanawake iliwapa haki.

Kanisa lina kitu ambacho ukoo hauwezi kukifuta, nacho ni vitabu vyake. Kuna mama wa usharika wetu aliyeambiwa na mashemeji kwamba hakuwahi kuolewa, "alikaa tu". Cheti chake cha ndoa kilikuwa kimepotea. Katibu akafungua daftari la ndoa, kurasa zimeshaanza kuachia gundi, na sahihi ya marehemu ilikuwa pale, herufi zimelala kama alivyozoea kuandika. Mahakama ya Mwanzo ilipomwonyesha shemeji mkubwa, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni ya kaka." Watoto nao, cheti cha ubatizo kiliwasaidia kupata vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Kwa hiyo, baada ya mazishi, teueni watu wawili, mmoja awe mwanamke. Wamsaidie kufuatilia cheti cha kifo. Waombe kuhudhuria kikao cha ukoo, wakae kwa heshima, wasikie kinachoandikwa kwenye muhtasari. Akiteuliwa msimamizi wa mirathi, wamkumbushe taratibu kwamba kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, kisha kupeleka hesabu mahakamani. Wengi hudhani msimamizi ndiye mwenye mali, na hapo ndipo yatima wengi wanapopoteza kiwanja. Mkikwama, watafuteni wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

Na yule ambaye hakufunga ndoa kanisani? Nimesikia wazee wenzangu wakisema huyo si wetu. Siwezi kukubaliana nao. Watoto wanalia njaa ileile, na Kumbukumbu la Torati 10:18, inayosema Mungu huwafanyia haki yatima na mjane, haitaji cheti.

Kuhusu yatima, kabla ya kuchangia ujenzi wa kituo, nendeni kwa bibi anayewalea mkamuulize amepungukiwa nini. Ada serikali ilishaiondoa katika shule zake, tangu 2022 hadi kidato cha sita. Zinabaki sare, madaftari, mafuta ya taa, na mtu wa kwenda kikao cha wazazi bibi akiwa anaumwa miguu. Hayo usharika unayaweza, na ndugu watakua pamoja nyumbani kwao.

Bajeti ya mwaka ujao inapoandaliwa, ombeni fungu la nauli na gharama za mahakama. Halafu andikeni majina ya waliofiwa na waume mwaka huu, na Jumapili hii mmoja wenu aende kuwauliza kikao cha ukoo ni lini.