Maswali na Majibu: Injini Nyingine kwa Gari la Kimarekani la Zamani

Injini ya 350 ya Pontiac Firebird yangu ya 1970 imekufa. Nimepata 350 ya Chevrolet. Itaingia bila kubadilisha kitu?

Haitaingia. 350 ni ujazo tu: inchi za ujazo 350, takribani lita 5.7. Miaka hiyo, ndani ya General Motors, Chevrolet, Pontiac, Buick na Oldsmobile kila mmoja alikuwa na 350 yake, na bloku (mwili wa injini wenye silinda) hazifanani. Matundu ya kufungia giaboksi kwenye Chevrolet hayalingani na ya wenzake watatu, hivyo giaboksi yako haitakaa. Mauntini (vishikizo vya injini) na eksozi nazo ni tofauti. Kwa kuwa Firebird na Camaro ni ndugu wa bodi moja, vipuri vya Camaro vinaweza kukuvusha, ila piga hesabu ya vyote kabla ya kulipa. Mimi ningetafuta Pontiac nyingine, hata ya 400, maana kwa nje bloku yake ni kama ya 350 na inakaa palepale.

Nitajuaje kama 350 ya Chevrolet ninayouziwa si 305?

Kwa macho hutajua, kwa nje ni pacha. Soma namba iliyosubiwa nyuma ya bloku, upande wa dereva, karibu na giaboksi. Ifute grisi kwa brashi ya waya kwanza. Kuna wanaoingiza waya kwenye tundu la plagi wapime mwendo wa pistoni. Hapa kipimo hicho hakisaidii, kwa sababu zote mbili zina inchi 3.48. Tofauti iko kwenye upana wa silinda: 350 ina inchi 4.00, 305 ina 3.736. Muuzaji akikubali hedi ifunguliwe, pima. Akikataa, achana naye.

Nimeweka injini ya 5.0 ya Mustang ya 1988 kwenye Mustang yangu ya 1969. Inatetemeka vibaya, nikikanyaga mafuta inazidi.

Zima injini, usiliendeshe tena. Nina hakika ulihamisha flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ya injini ya zamani. Je, na puli ya mbele pia?

Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya injini hizi husawazishwa kwa uzito uliowekwa kwenye flaiwili na kwenye puli ya mbele. Hiyo 5.0 ni Ford 302, yaani inchi za ujazo 302, na 302 ya zamani ilitengenezwa kwa kipimo cha aunsi 28. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakahamia aunsi 50. Kinachowaponza wengi ni kwamba bolti zinaingia sawasawa na stata inashika meno vizuri, kwa hiyo hakuna kinachokuonya mpaka injini iwake. Ukiendelea hivyo, beringi za krenki zitakwisha na flaiwili inaweza kupasuka. Funga flaiwili na puli za aunsi 50, zote mbili.

Angalia na faya oda, yaani mpangilio wa silinda kuwaka. 302 ya zamani ilikuwa 1-5-4-2-6-3-7-8. Mustang ya 1988 ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ukipanga waya za plagi kwa mazoea ya zamani, injini itakohoa tu.

Giaboksi yangu ya otomatiki imebakiza kama sentimita moja kugusa bloku. Niivute kwa bolti?

Hapana, tafadhali. Toki konveta (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili) haijaingia mpaka mwisho. Ukikaza bolti utavunja pampu ya giaboksi, na nimeona ikivunjwa kwa bolti mbili tu. Rudisha giaboksi nyuma, zungusha konveta huku ukiisukuma mpaka uisikie ikidumbukia hatua kwa hatua. Giaboksi ikishagusa bloku kwa mkono, konveta iwe bado inazunguka kwa uhuru, na kati yake na flaiwili kubaki milimita 3 hadi 5.

Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ni mpya, ya tapeti bapa zisizo na rola. Naiwasha vipi mara ya kwanza?

Tia oili yenye zinki ya kutosha. Kwenye Chevrolet, toa distribyuta uzungushe pampu ya oili kwa drili mpaka geji ipande na oili ifike juu kwenye roka. Ikiwaka, usiiache kwenye sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kukanyaga mafuta: ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo. Halafu mwaga oili hiyo na ubadilishe filta.