Uliza Tujibu: Wale Waingereza wa kuandika namba za treni

Toleo lililopita tuliweka kipande kidogo tu juu ya miaka 200 ya reli ya Uingereza, kwamba tarehe 27 Septemba 1825 George Stephenson mwenyewe ndiye alikuwa juu ya mashini ya Locomotion ikivuta watu na makaa mpaka Stockton, tukafikiri yameishia pale. Kumbe Lubumbashi imejaa watu wa treni! Message zimeingia WhatsApp ya gazeti usiku na mchana, na tulipaswa kujua, mji huu wenyewe umezaliwa na reli, 1910 treni ilifika hapa ikitokea kusini na mji ukaanza mwaka ule ule. Haya tujibu. Waliouliza treni ya Kindu inatoka lini watuwie radhi, hiyo si ya ukurasa huu.

Yambo Tonton. Niko kijana wa Kenya (komini, hapana inchi). Kila mangaribi kama kuriyo iko naangaliaka video za matreni ya Uingereza. Yaya yangu ananichekaka, eti ni bazungu ba kukosa kazi. Sasa nauliza, bale batu banasimamaka ku mwisho ya ke na kakarne mu mukono, banaandikaka nini? Na juu ya nini?

Mdogo wangu, wanaandika namba. Namba tu, ile iliyopigwa ubavuni mwa mashini. Kila mashini kule ina namba yake na mtu wa hobi hii anataka azione zote kwa macho yake, akiona moja anaipiga mstari kwenye kijitabu, anasubiri nyingine, mvua inanyesha yeye yuko tu. Ukisikia hivyo utasema yaya yako ana haki. Ngoja kwanza.

Kijitabu kile kilianza 1942, vita iko moto. Kulikuwa na kijana karani wa kampuni ya reli ya kusini, Ian Allan, kazi yake ikiwemo kujibu barua za watu wanaouliza habari za mashini, na maswali ni yale yale kila wiki (hapo namwelewa kabisa), akaona heri kuandika orodha ya mashini zote na namba zao mara moja watu wamwache apumue. Wakubwa wake hawakutaka kuichapa. Akaichapa yeye mwenyewe, ikaisha mbio. Baada ya vita ikawa mchezo wa watoto nchi nzima kwa sababu hauli feza, penseli na kijitabu na kipande cha mkate unakaa kituoni tangu asubuhi mpaka jioni, na walikuwa wengi hivi kwamba vituo vingine viliwafukuza.

Sasa yaya yako akae chini asikie hii. Tarehe 11 Agosti 1968 serikali ya kule ilimaliza treni ya mvuke kwenye reli zake za kawaida, na mashini zikauzwa kama vyuma chakavu kwa maelfu. Nyingi zilikatwa. Lakini kusini ya Wales, mji wa Barry, kulikuwa na mfanyabiashara wa chakavu, Dai Woodham, aliyenunua mashini karibu 300, ila yeye na watu wake walianza kukata mabehewa kwa sababu ni rahisi zaidi, mashini zikabaki zimepangwa kando ya bahari zinakula kutu miaka na miaka. Na wale watoto wa penseli sasa ni watu wazima wana mishahara. Wakaanza kuja Barry na vijitabu vyao, wanatafuta ile namba waliyoiona wakiwa na miaka kumi, wanachanga wanainunua, mzee Woodham naye anawasubiri wamalize kuchanga. Ya mwisho iliondoka 1990. Jumla 213 zilitoka pale zikiwa nzima, na nyingi zimerudi kutembea. Yule mfanyakazi wa forodha, mwalimu, fundi wa redio, ndio waliookoa kitu ambacho serikali ilikitupa, na walijua cha kuokoa kwa sababu walikuwa na namba. Kukosa kazi kwa namna hiyo mimi sina shida nako.

Papa wa majibu, mi ni mama wa Katuba. Bwana yangu ni shemino wa zamani (mutu wa reli), sasa mega zote za nyumba zinaisha juu ya treni ya moshi ya Uingereza. Unasema balizifunga 1968, basi hizi anaangaliaka kila siku ni za wapi? Ananidanganya?

Mama, hakudanganyi, ila za mega mtaongea wenyewe nyumbani.

Zilifungwa kazini, hazikufungwa zote duniani. Tayari 1951 kule Wales kulikuwa na reli ndogo ya kubeba mawe ya kuezekea nyumba, Talyllyn, mwenye mali alikufa na reli ilikuwa inakwenda kaburini naye, watu wakajitolea kuiendesha bure, ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. 1960 ikafuata Bluebell huko Sussex, hiyo reli ya upana wa kawaida, ukipima toka chuma kimoja cha njia mpaka kingine. Leo ziko nyingi, Jumamosi daktari anavaa ovaroli anakoroga makaa, mwanasheria anakata tikiti. Na ziko mashini zinazoruhusiwa kutoka mpaka kwenye reli kubwa, kama Flying Scotsman, iliyotoka kiwandani Doncaster 1923 na 1934 ikapimwa rasmi maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Bwana yako hiyo anaijua, muulize utaona macho yake.

Lakini ile inayonishangaza mimi ni Tornado. Aina yake zilikuwa 49, zote zilikatwa, hata moja haikubaki hata ya kuweka musee. Basi watu wakaamua kutengeneza mpya toka mwanzo, kwa michoro ya zamani, wengine wanachanga kidogo kila mwezi kama likelemba (mchango wa zamu), boila ikatengenezwa Ujerumani kwa sababu Uingereza haikuwa tena na kiwanda cha kuweza kazi ile (nchi iliyofundisha dunia treni!), na 2008 mashini ikatembea. Karibu miaka ishirini ya kuchanga. Kuna likelemba hapa zinavunjika mwezi wa tatu.

Muzee mwenzangu, niko pansioni, ninaishi Kampemba, nilifanya kazi ku mashini miaka mingi. Bazungu betu balitufundisha aina ya mashini ya Pasifiki inaandikwa 231. Mujukuu ananionyesha ku telefone ya Uingereza, balisema 4-6-2. Nani iko na haki? Na kama mashini yabo inaletwa huku, inaweza kutembea ku reli yetu?

Muzee, heshima yako. Mna haki wote. Wafaransa wanahesabu ekseli (chuma kinachounga magurudumu mawili), Waingereza wanahesabu magurudumu ya pande zote mbili. Kwa hiyo ekseli mbili ndogo mbele, tatu za kuvuta, moja nyuma, kwenu 231, kwao 4-6-2, na ni mashini ile ile. Mwambie mjukuu agawanye kwa mbili, asikuletee ujuaji.

Ya pili, hapana, haitembei. Reli ya Uingereza ina upana wa milimita 1435, yetu 1067, kwa sababu yetu ilipanda toka Cape na Cape ndiyo iliyochagua upana ule kwa kubana feza kwenye milima. Hata wao walishagombana juu ya upana, mwinjinia Brunel alijenga njia yake ya kutoka Paddington kwa upana wa zaidi ya mita mbili, treni zake zilikuwa za mbio na zilitulia vizuri, lakini jirani zake wengi walikuwa na 1435, mizigo inapakuliwa hapa inapakiwa pale, mwaka 1892 wakakubali kuiondoa. Na usishangae sana kwamba bazungu wetu waliongea lugha ya karibu na ile, treni ya kwanza ya Ubelgiji, Mei 1835 toka Brussels kwenda Mechelen, ilivutwa na mashini za kina Stephenson, na mpaka leo treni za Ubelgiji zinapita upande wa kushoto kama za Waingereza wakati magari ya barabara yako kulia.

Ila muzee hujauliza Garratt, na mimi sitakuacha uende bila Garratt. Unazikumbuka, au baba yako alizikumbuka, zile mashini ndefu za upande wa Rhodesia zilizokuwa zinakunja kiuno kwenye kona. Herbert William Garratt, Mwingereza, ndiye aliyeandikisha wazo lile 1907, na kiwanda cha Beyer, Peacock pale Manchester kikazitengeneza: boila inakaa katikati kwenye daraja la chuma, mbele kuna seti ya magurudumu na tangi la maji, nyuma seti nyingine na makaa, uzito unasambaa kwenye ekseli nyingi hivyo reli nyepesi haipondeki, na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu makubwa unaweza kuifanya nene unavyotaka. Kwa Afrika ilikuwa kama imepimwa na fundi nguo. Huko kwao Uingereza zilitumika kidogo sana, zilikuwa mali ya kusafirisha nje.

Sasa sikia kituko. Ukienda leo Wales, kati ya Caernarfon na Porthmadog, karibu kilomita 40, kuna reli nyembamba ya watalii na mashini zinazovuta pale ni Garratt zilizokuwa zinafanya kazi Afrika Kusini. Walizirudisha kwa meli. Mashini yetu ya Afrika imekuwa mgeni wa heshima, watu wanapanga mstari kuipiga picha. Hata ile ya kwanza kabisa, K1 ya 1909 iliyotumwa Tasmania, kiwanda kiliinunua na kuirudisha 1947, nayo ilikuja kutembea kwenye reli hiyo hiyo. Kama unataka iliyo karibu nasi, Bulawayo wana musee ya reli, huko hauhitaji viza ya Schengen wala ya London.

Bonjour, niko étudiante, Kamalondo. Mi treni hainisumbui, ninapenda manyumba. Gare gani ya Uingereza ni nzuri kupita zote?

Dada, hapa wasomaji watanipiga, lakini nasema St Pancras, London, na sibadilishi. 1868, mwinjinia Barlow aliweka paa moja la chuma na vioo lenye upana wa mita 73 bila nguzo hata moja katikati, wakati ule hakuna aliyekuwa amefunika nafasi pana hivyo kwa paa moja. Mbele yake kuna hoteli ya matofali mekundu yenye minara kama ikulu ya hadithi. Na chini, hii Lushois (mtu wa Lubumbashi) ataipenda: reli ilikuja juu kwa juu ili kuvuka mfereji wa maji, kwa hiyo chini ya kituo kukabaki nafasi kubwa, wakaamua iwe stoo ya bia kutoka Burton, na Barlow akapanga umbali kati ya nguzo za chini kwa kipimo cha mapipa ya bia. Si utani, alisema hivyo mwenyewe. Mji unaokunywa Simba unaweza kuelewa uinjinia wa namna hiyo.

Miaka ya 60 walitaka kuibomoa. Iliponea kwa kelele za watu, mshairi John Betjeman akiwa mbele, 1967 ikapewa ulinzi wa juu wa sheria, na toka Novemba 2007 ndipo treni za kwenda Paris na Brussels zinapoondokea. Sanamu ya Betjeman imesimama pale ndani, kashika kofia anaangalia paa. Lakini kelele zile zilikuwa na uchungu nyuma yake, kwa sababu hatua chache tu toka pale, Euston, kulikuwa na lango kubwa la mawe la 1837, watu waliomba lisiguswe, likavunjwa 1961 kuingia 62, na mawe yake mengine yakatupwa kuziba shimo mtoni upande wa mashariki ya London, yalikuja kupatikana 1994. Ukiona Waingereza wanalia kwa ajili ya kituo cha treni ujue wanamlilia yule wa kwanza.

Maswali ya haraka. *Mashini ya Mallard bado ina rekodi ya mbio?* Ndiyo, tarehe 3 Julai 1938, maili 126 kwa saa, kama kilomita 203, ikiteremka mlima wa Stoke, dereva Joe Duddington, hakuna mashini ya mvuke iliyoishinda mpaka leo. Ilipata joto kwenye chuma cha katikati ikabidi iachwe Peterborough, hilo Wajerumani, waliopokonywa rekodi, hawalisahau. Iko musee York, kuingia bure. *Kituo kilicho juu kupita vyote kwenye reli kuu za Uingereza?* Corrour, Scotland, mita 408, hakuna hata barabara ya umma ya kufika pale. Sisi Lubumbashi tuko zaidi ya mita 1200 na hatujatangaza kitu. *Mashini ya mwisho ya mvuke waliyojenga kwa reli ya taifa?* Evening Star, 1960, Swindon. Miaka mitano kazini, kisha musee. Feza za umma hizo!

Tonton, na shiye hapa tunaweza kupiga picha ku gare kama bale bazungu? Niko Ruashi, niko na telefone tu.

Kule ni ruhusa, ilimradi ubaki nyuma ya mstari wa njano, usitumie flashi maana inampofusha dereva, na usizuie wasafiri. Hapa usianze na telefone, anza na salamu. Nenda ofisi ya shefu wa gare, jieleze wewe ni nani na picha ni za nini, omba karatasi yenye muhuri, kwa sababu askari wa mlangoni hajui hobi, anajua muhuri. Usikanyage reli hata kama unaona nyasi zimeota. Ukipata mzee wa shemdefere wa kukusindikiza ni bora zaidi, huyu wetu wa Kampemba nitamuuliza kama atakubali. Na chaji iwe imejaa, wakisema ndiyo watasema mara moja.