Jani la nyanya litoke lini? Kwa wanaoanza kazi kwenye kitalu nyumba

Nilipoanza kazi kwenye kitalu nyumba upande wa Usa River, Arusha, nilikabidhiwa mistari minne ya nyanya ndefu, zile zinazorefuka bila kukoma, aina ya Anna, na agizo moja: punguza majani ya chini. Hayo ya chini yanaishia wapi, hakuna aliyesema. Ilikuwa Februari. Asubuhi moja tu nikapanda na mkono kutoka ardhini hadi usawa wa kifua, vichala vyote vikabaki wazi vinang'aa. Nikajiona fundi. Mama mmoja mkongwe wa pale akapita, akasimama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, umezinyoa kama kuruta."

Siku chache baadaye nikamwelewa. Nyanya zilizotazama jua zilitoka mabaka meupe mabegani, ngozi ikalainika kama imemwagiwa maji ya moto, halafu ikakauka ikawa kama karatasi. Tulizichambua moja moja. Nyingi hazikufika sokoni, na zile zilizofika dalali alizigeuza mara moja akataja bei ambayo sina haja ya kuirudia hapa.

Kwa hiyo ukiuliza "majani yatolewe wiki ya ngapi?", jibu langu ni kwamba usianze na kalenda. Anza na kichala.

Kwenye nyanya ndefu, kati ya kichala na kichala kwa kawaida kuna majani matatu, na kichala hula zaidi kutoka kwenye majani yaliyo jirani nacho. Tunda likiwa bado dogo, jani lililo karibu nalo ndilo jiko lake. Ukilitoa sasa umeondoa chungu motoni. Kichala cha chini kabisa kikishajaza matunda na la kwanza likaanza kubadilika rangi, majani yaliyo chini ya kichala hicho yanakuwa yamemaliza kazi. Yamefunikwa na wenzao wa juu, hayapati mwanga wa kutosha, na pengine yanakula kuliko yanavyozalisha. Hayo ndiyo ya kutoa. Mawili, matatu kwa mmea kwa wiki, basi. Na kabla hujashika la kwanza, hesabu yatakayobaki juu: yakiwa pungufu ya kumi na tano, acha mkono wako mfukoni.

Mche uliohamishiwa kitaluni juzi hauhitaji kitu, isipokuwa jani linalogusa udongo, maana hapo ndipo ukungu unapopandia. Na usichanganye majani na maotea. Otea huchomoza kwapani, pale jani linapokutana na shina, na hilo litolewe mapema likiwa na urefu wa kidole. Nimeona wageni wengi wakikata jani na kuliacha otea linenepe, wanarudi baada ya wiki mbili wanakuta mmea una vichwa viwili. Kama umepanda nyanya fupi, zile zinazokoma kurefuka zenyewe, kama Rio Grande au Cal J, maelezo haya mengi hayakuhusu. Zile zina tabia yake.

Kilichowaponza vijana niliofanya nao kazi baadaye ni video za Uholanzi. Kule jua la majira ya baridi ni hafifu, wanapigania kila mwali, na wana mitambo ya kupoza na kupasha hewa. Hapa kwetu, nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Chini ya nailoni hewa inachemka. Nyanya ikipata joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu, rangi nyekundu inakataa kukaa vizuri, tunda linabaki na mabega ya njano hata likiiva. Jani juu ya kichala ni mwavuli. Januari na Februari mimi huacha jani moja au mawili zaidi ya ninavyoacha Mei, hata kama yanaonekana yamechoka.

Masika mambo yanageuka. Msimu uliofuata, kwa woga wa kilichonipata, sikugusa kitu. Aprili ikanyesha wiki nzima, kitalu kikawa msitu, na bakajani, ugonjwa unaounguza majani, ikaingia kutokea katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Tulipoigundua ilikuwa imeshapanda vichala viwili. Siku hizi nina kipimo changu cha saa tatu asubuhi: naingia katikati ya mstari, nageuza jani la chini, nalipapasa kwa mgongo wa mkono. Kama bado lina maji wakati jua limeshachomoza vizuri, hewa haipiti, na hapo napunguza hata kama kichala hakijaanza kuiva, ila kidogo kidogo. Kipimo cha pili ni cha mchana. Saa saba simama kati ya mistari uangalie chini. Ukiona vidoadoa vya jua vinacheza kwenye udongo, umefika mahali pazuri. Giza tupu, punguza. Ukiona jua limetandaza na kivuli cha shina kimechoreka chote, umeshavuka mpaka, kaa wiki mbili bila kugusa.

Lakini kabla ya kulaumu majani, uliza mbolea. Hili nililichelewa sana kulijua. Kitalu kinachogeuka msitu kila baada ya siku tano, majani mapana, ya kijani cha kuiva, yamejikunja, maua yanapukutika: hapo naitrojeni imezidi. Mtu anamwaga CAN, mbolea ya naitrojeni, kwa mkono mmoja na kukata majani kwa mwingine, halafu anashangaa kazi haiishi. Rekebisha mbolea kwanza, utaona hata haja ya kupogolea inapungua.

Na si kila jani la njano ni mzee. Lipeleke kwenye mwanga ulitazame. Likiwa njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe bado kijani, mmea unalia njaa ya magnesiamu, na ukiling'oa unaficha dalili tu, la juu yake litafuata. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara ni bakajani tangulia, hilo litoke leo, usisubiri ratiba. Sehemu iliyochunwa ikabaki kama nailoni, na ukiinua kwenye jua unaona kiwavi kidogo kinatambaa ndani, hiyo ni kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya. Tangu aingie Tanzania mwaka 2014 hatujapumzika. Jani la namna hiyo usiliangushe njiani ukasema utakusanya jioni. Tembea na mfuko mweusi kiunoni, tia humo, funga, acha nje juani mpaka vilivyomo vife. Mbuzi wasipewe, majani ya nyanya yana sumu.

Sasa mkono. Fanya asubuhi, umande ukishakauka. Wakati huo mmea umejaa maji, jani linakatika kwa sauti, "tak", kama bamia mbichi. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, inua kidogo juu, kisha sukuma chini. Likikubali litaachia kwenye kifundo na kuacha kidonda safi ambacho jioni kimekauka. Likivuta ngozi ya shina ikachanika kushuka chini, umelishika mbali mno au umelivuta pembeni. Mchana mmea ukiwa umelegea, majani hayakatiki, yananyongeka. Jioni usifanye kabisa, kidonda kitalala kibichi usiku kucha. Na usiache kisiki cha kikonyo ukidhani unauonea shina huruma, kile kisiki ndicho kinachooza na kuingiza ukungu wa kijivu.

Ukitumia kisu, kata kikonyo usawa wa shina na ufute kisu kwa dawa ya klorini kila unapomaliza mstari, ukikuta mmea ulionyauka ghafla uuruke kabisa, uumalizie mwisho. Wavuta sigara wanawe kwa sabuni kabla ya kuingia, virusi vya tumbaku vinapanda nyanya vilevile. Nimeshamrudisha mtu mlangoni kwa hilo, akanuna, tukaendelea na kazi.

Kitu kimoja cha mwisho wa msimu. Ukishaamua siku ya kung'oa mimea, rudi nyuma wiki sita hadi nane, na siku hiyo kata kichwa cha kila mmea, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Hayo mawili usiyaguse tena mpaka mavuno yaishe. Kichala kile hakina jiko jingine juu yake.