Simba wetu na simha wa Kisanskriti

SWALI: Jirani yangu Mhindu ametundika ukutani picha ya mungu mwenye kichwa cha simba na mwili wa binadamu. Ameniambia anaitwa Narasimha, na kwamba "simha" ni simba. Je, neno letu simba tumelitoa India? Na jina hilo niliandike Narasimha au Narasimba? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Jirani yako amekueleza vyema, lakini simba hatukumtoa India. Maneno hayo mawili yamefanana kwa bahati tu.

Tuanze na jina, ambalo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Nara ni mwanamume au binadamu, simha ni simba. Ukiyaunga unapata mtu-simba. Kisanskriti hulitumia neno hilohilo pia kumsifu shujaa, yaani aliye simba miongoni mwa watu, kama sisi tulivyomwita Rashidi Kawawa "Simba wa Vita" bila kumdhania ana manyoya shingoni. Kwa mungu wa pichani, hata hivyo, jina lichukue kama lilivyo. Yeye ni umbo la nne kati ya yale kumi ambayo Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, alishuka nayo duniani, na unusu wake una kazi katika kisa.

Mfalme Hiranyakashipu (hiranya ni dhahabu) alikuwa amepewa ahadi na Brahma, mungu muumbaji: hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Akajiona hafi, akataka aabudiwe yeye. Mwanawe Prahlada akakataa, akamshika Vishnu. Siku moja baba alighadhibika, akamuuliza kama huyo Vishnu wake yumo hata katika nguzo ile ya jumba, kisha akaipiga. Nguzo ikapasuka, akatoka Narasimha, si mtu wala si mnyama. Akamkamata mfalme wakati wa magharibi, akamlaza mapajani pake palepale kizingitini, akampasua kwa kucha. Pitia masharti moja moja: hakuna hata moja lililovunjwa. Wakili yeyote angempigia makofi.

Neno simha lenyewe wanasarufi wa kale wa India walilipeleka kwenye mzizi hims, kudhuru, wakisema sauti zake zimepinduliwa. Mzizi huo unao katika ahimsa, msimamo wa kutodhuru aliousimamia Gandhi. Maelezo hayo ni matamu, ila mimi siyategemei sana.

Sasa simba wetu. Neno hili ni la Kibantu, na ndugu zake wako mbali na bandari zilizopokea majahazi ya Wahindi. Kizulu kina insimba, lakini huko ni kanu, yule mnyama mdogo wa madoadoa mwenye mkia wa mapete. Kitswana humwita kanu tshipa. Usishtushwe na hiyo p: mbuzi kwa Kitswana ni pudi, mbili ni pedi, basi simba kuwa tshipa ni mwendo uleule wa mb kugeuka p. Undugu wa maneno hupimwa hivyo, kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu mmoja katika maneno mengi. Neno moja kufanana na jingine masikioni halitoshi. Kwa kipimo hichohicho, nara ana ndugu wa kweli asiyefanana naye sana: neno la Kigiriki la mwanamume, aner, ambalo ndilo lililozaa jina Andrea.

Tulichokopa India ni zaidi mambo ya biashara na maisha ya mjini: gari, bima, chapati, na laki, ambayo asili yake ni laksha ya Kisanskriti, yaani mia elfu. Simba alikuwa hapa akinguruma kabla ya hayo yote. Hatukuhitaji kuletewa jina lake.

Kuhusu maandishi, andika Narasimha. Ni jina la mtu, haliguswi; Narasimba ni kulitafsiri nusu. Ukikutana na Narsinh, hiyo ni sura yake ya Kigujarati, si kosa.

Hata hivyo simha ameingia katika Kiswahili kwa mlango mwingine. Neno hilo kwa Kipunjabi ni Singh, jina ambalo Guru Gobind Singh, kiongozi wa dini ya Wasikh, aliwapa wanaume wa Khalsa, yaani jumuiya ya Wasikh walioapishwa, mwaka 1699. Wasikh wengi walifika kwetu wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza 1896, na waswahili wakawaita Masingasinga au Makalasinga. Ndani ya hiyo "singa" mna simha yuleyule wa Narasimha, amevikwa tu irabu ya mwisho ili atamkike kwetu. Ila ukizungumza na mwenyewe, mwite Sikh, kwa sababu Kalasinga kwa wengine husikika kama dhihaka.