Timu ikiburuta mkia, ibaki na chaguo lake la drafti au ilipe deni?

SWALI: Huu ni mwaka wangu wa tisa Ottawa. Hoki ya barafu nilianza kuitazama kwa ajili ya wanangu, sasa mimi ndiye ninayewasha televisheni. Kazini tuna ubishi usioisha. Novemba 2017 Senators, timu ya hapa, ili wampate Matt Duchene, waliwapa Colorado chaguo lao la raundi ya kwanza la 2018 likiwa na kinga: likiangukia ndani ya kumi za mwanzo, Senators wangeweza kubaki nalo na kutoa la 2019 badala yake. Likawa la nne. Wakabaki nalo, wakamchukua Brady Tkachuk. Msimu uliofuata wakamaliza wa mwisho kwenye ligi nzima, na chaguo likaenda Colorado bila kinga yoyote. Wenzangu wanasema ule ulikuwa uamuzi wa hatari uliookolewa na bahati. Mtaalamu, walikosea? Na timu inayosuasua, kwa ujumla, ifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwa maoni yangu Juni 2018 hawakukosea. Kosa lilifanyika Novemba 2017, siku ya kutia saini. Nitakueleza kwa nini, lakini nianze na wasomaji waliokulia kwenye mpira wa miguu, ambao neno drafti huwakumbusha kete na ubao wa kijiweni.

Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, klabu haiwezi kwenda kumsajili kijana inayemtaka. Kila kiangazi timu huchagua vijana kwa zamu, wengi wao wakiwa na miaka 18, na timu zilizofanya vibaya hutangulia. Zilizokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu inayopanga nani aanze. Zamu hiyo ndiyo tunayoiita chaguo, na timu inaweza kuiuza hata mwaka mmoja au miwili kabla, wakati hakuna ajuaye itakuwa ya ngapi. Ni kama kuuza maembe mti ungali una maua. Pengine utavuna gunia mbili, pengine ishirini, na bei umeshapokea.

Toronto wanajua uchungu wake. Septemba 2009 walimchukua Phil Kessel kutoka Boston kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili, bila kinga. La 2010 likawa la pili, Boston wakamchukua Tyler Seguin. La 2011 likawa la tisa, wakamchukua Dougie Hamilton. Mambo kama hayo ndiyo yanayowafanya mameneja wadai kinga.

Sasa soma kifungu cha kinga vizuri, maana hapo ndipo ubishi mwingi wa vijiweni unapopotea njia. Kinga nyingine hujiendesha zenyewe. Chicago walipomchukua Seth Jones mwaka 2021, chaguo lao la 2022 lilikingwa kwa nafasi mbili za kwanza tu. Likatua la sita, likaenda Columbus, na Chicago hawakuwa na neno la kusema. Pittsburgh nao, kwenye biashara ya Erik Karlsson ya 2023, walikinga kumi za kwanza, chaguo likawa la 14, likaondoka. Aina ya pili ni ile ya Ottawa, ambayo inampa mwenye deni hiari: akitaka analipa leo, akitaka analipa mwakani. Swali lako linahusu hii ya pili peke yake, na ni swali la deni. Kinga hailifuti. Inalisogeza mwaka mmoja, na huko linakofika mara nyingi halina kinga tena.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza chaguo ulilonalo mkononi lina thamani gani. Uliza: mwakani tunaweza kuwa wabaya kiasi gani, na ubaya huo utatugharimu nini zaidi ya hiki tunachokiokoa leo?

Niruhusu mizani ya mfano. Namba hizi nimezichagua mwenyewe ili hesabu ionekane. Ligi haina jedwali kama hili. Chaguo la kwanza tulipe pointi 100, la pili 75, la tatu 62, la nne 52, la kumi 30, la 12 pointi 25, la 20 pointi 17. Kilicho muhimu ni umbo lake: juu kuna mteremko mkali, chini ni karibu tambarare. Kila anayefanya kazi ya takwimu za mchezo huu analijua umbo hilo, hata kama namba zake zinatofautiana na zangu kidogo.

Ottawa Juni 2018 walikuwa na la nne mkononi, pointi 52. Chukua mwakani mbaya kuliko yote, yaani kumaliza wa mwisho. Kwa kanuni za wakati ule, timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 18.5 ya kupata la kwanza, 16.5 la pili, 14.4 la tatu, na 50.6 ya kuangukia la nne. Zidisha na ujumlishe: wastani ni kama pointi 66. Maana yake, hata balaa kubwa kuliko yote lingewagharimu 66 badala ya 52. Wakirudi katikati ya msimamo na kutoa chaguo la kumi, wanalipa 30 tu. Ukizigawanya hali hizo mbili, utaona kubaki na la nne kunaleta hasara pale tu unapoamini kwamba uwezekano wa kuburuta mkia unapita sita kwa kumi. Kati ya timu 31, hakuna hata moja ambayo mwezi Juni ungeweza kusema hivyo kwa uhakika, hata iwe mbovu namna gani.

Ndiyo maana nasema hawakukosea. Aliye na chaguo la juu hana mahali pengi pa kuangukia.

Tazama sasa upande wa pili, New York Rangers mwaka 2025. Januari mwaka huo walimchukua J.T. Miller kutoka Vancouver, na ndani ya malipo kulikuwa na chaguo la raundi ya kwanza lenye kinga ya nafasi 13. Vancouver wakalipeleka Pittsburgh. Rangers wakakosa mtoano. Bahati nasibu ikawasogeza kutoka la 11 hadi la 12, kwa sababu Utah waliruka kutoka 14 hadi la nne. Kinga ikaamka: watoe la 12, au wabaki nalo na kutoa la 2026 lisilo na kinga.

Mashabiki wengi walitaka wabaki nalo. Mkononi kulikuwa na pointi 25 za mizani yangu. Tuseme waliamini wana nusu ya uwezekano wa kurudi kwenye mtoano, ambako chaguo lingekuwa la 20 hivi. Tatu kwa kumi ya kubaki walipo. Na mbili kwa kumi ya kuporomoka hadi miongoni mwa timu chache za mwisho, ambako wastani ni kama 60. Jumla inakaribia 28. Wakiwa na matumaini zaidi, kuporomoka moja kwa kumi na mtoano sita kwa kumi, inashuka hadi kama 24. Unaona jinsi jibu zima linavyoning'inia kwenye kipengele kimoja, hofu ya kuporomoka. Na tangu wakati wa Ottawa kanuni zimebadilika: leo timu ya mwisho ina asilimia 25.5 ya kuchagua wa kwanza na haiwezi kushuka chini ya la tatu. Kwa mizani yangu hiyo ni zaidi ya 70. Mwenye la nne alihatarisha kupoteza 66 ili aokoe 52. Mwenye la 12 anahatarisha zaidi ya 70 ili aokoe 25. Mikasa hiyo hailingani hata kidogo, ingawa magazeti huiita kwa jina moja, chaguo lenye kinga.

Rangers walilipa. Wakawapa Pittsburgh la 12, nao wakalibadilisha na Philadelphia, ambao walimchukua Jack Nesbitt. Mimi nilikubaliana nao siku ile ile. Timu iliyotoka pointi 114 za msimamo wa ligi hadi 85 kwa msimu mmoja haina haki ya kudhani kwamba haiwezi kuporomoka tena.

Na hapa narudi Novemba 2017. Mei ya mwaka ule Ottawa walikuwa goli moja kutoka fainali ya Kombe la Stanley. Chris Kunitz wa Pittsburgh aliwafunga katika muda wa nyongeza wa pili, mchezo wa saba. Kwa hiyo walipomchukua Matt Duchene walijiona timu ya kileleni inayoongeza mtu mmoja. Msimu huo huo wakamaliza na pointi 67, wa pili kutoka mwisho. San Jose walifika fainali ya Kanda ya Magharibi 2019, na mwaka uliofuata chaguo lao, ambalo walikuwa wamelitoa kwa ajili ya Karlsson, likawa la tatu. Waliolipokea ni Ottawa, wakamchukua Tim Stützle. Timu za hoki huanguka kwa kasi kuliko mikataba yake inavyodhani. Meneja anayeweka kinga kwa mwaka wa kwanza na kuuacha wa pili wazi anajikinga na mvua ya leo huku paa la chumba cha kulala likiwa limeezuliwa. Hata kinga ndogo ya nafasi tatu kwa 2019 ingewaondolea Ottawa karibu hofu yote. Kuipata kungehitaji kuongeza kitu kidogo mezani, pengine chaguo la raundi ya tatu. Ningelipa bila kusita.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu yangu haikulibeba: timu yenyewe ndiyo inayoamua itakuwa mbaya kiasi gani. Mikataba ya Karlsson na Duchene ilikuwa inaisha 2019, na hilo lilijulikana. Septemba 2018 Karlsson akauzwa San Jose. Februari 2019 wakaondoka Duchene na Ryan Dzingel kwenda Columbus, na Mark Stone kwenda Vegas. Duchene, mtu ambaye chaguo lile lilikuwa bei yake, alikaa miezi 15. Kama tayari umeamua kubomoa nyumba, lipa deni kwanza, kwa sababu kila mchezaji unayemuuza anazidi kuinenepesha zawadi ya mwenzako. Kama umeamua kubaki na wachezaji wako, kinga ni yako, itumie. Maamuzi hayo mawili yanapaswa kukaa meza moja. Kwenye klabu nyingi hayakai, na sababu ninaielewa: meneja anayehofia kazi yake anapendelea kijana wa leo, kwa kuwa deni la mwakani huenda likamkuta mrithi wake. Mwenye klabu ndiye anayepaswa kuingilia hapo.

Nawafikiria pia mashabiki. Wewe uliishi Ottawa majira yale ya baridi ya 2019. Kwa kawaida shabiki wa timu inayofungwa ana faraja moja, kwamba kila kipigo kinamsogeza karibu na kijana bora wa mwaka. Nyinyi hata hiyo mlinyang'anywa. Mlifungwa, na faida ikaenda Denver, nyumbani kwa Colorado. Gharama hiyo haina safu kwenye jedwali langu, lakini ningeiandika pembeni kwa wino mwekundu kabla ya kumshauri meneja yeyote.

Basi kama timu yako inasuasua na ina hiari: chaguo likiwa ndani ya tano za kwanza, baki nalo isipokuwa umeshaamua kuuza kila mtu. Likiwa la sita hadi la tisa, tazama umri wa wachezaji wako muhimu, kipa wako, na mikataba inayoisha. Hapo mtakwimu na skauti, yaani msaka vipaji, wanapaswa kuzozana kweli kweli. Likiwa pembezoni mwa kinga, la kumi na kuendelea, lipa. Na kabla ya yote waulize maskauti kizazi kinachofuata kikoje. Mwaka ambao kijana mmoja anazungumzwa kila mahali, kama Gavin McKenna alivyozungumzwa kuelekea 2026, chaguo lisilo na kinga ni ghali maradufu kulitoa.

Limebaki neno la wenzako, bahati. Bahati nasibu ya hoki ni mipira 14 inayotolewa minne kwa kila droo, na Aprili 2019 ilizipandisha New Jersey, Rangers na Chicago. Chaguo la Ottawa likaangukia la nne, na Colorado, badala ya Jack Hughes aliyechaguliwa wa kwanza mwaka ule, wakampata Bowen Byram, beki aliyebeba nao kombe 2022. Tkachuk wa la nne, Byram wa la nne: mwaka mmoja wa tofauti, na Tkachuk ndiye nahodha wenu tangu 2021. Lakini rudi kwenye asilimia nilizokupa. Kuangukia la nne ndilo tokeo lililokuwa na uwezekano mkubwa kuliko mengine yote, 50.6. Kumpoteza Hughes kulikuwa na uwezekano wa 18.5, chini ya mara moja katika kila tano.