Magari ya michezo katika kazi ya polisi: jibu la fundi kuhusu MG, Daimler, Porsche na Ferrari

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, unataka kujua kama ni kweli kwamba gari kama hiyo MGB yako nyeupe, gari dogo la michezo la Uingereza, liliwahi kutumiwa na polisi wa Uingereza, au ni porojo aliyokupa aliyekuuzia. Pili, unauliza ni busara gani ilimfanya mkuu wa polisi anunue gari la viti viwili kwa kazi ya serikali. Nimefanya kazi ya kutengeneza magari ya zamani hapa Nairobi kwa miaka mingi, katika gereji iliyoko Eneo la Viwanda, na ingawa sijawahi kugusa gari lililotoka katika kikosi cha polisi, ndugu zake wa kiraia nimeyafungua injini, breki na giaboksi. Nitajibu kwa upande wa fundi, kwa sababu naona wachangiaji waliotangulia wamebishana sana kuhusu mwendo wa juu, na mwendo wa juu haukuwa hoja kubwa.

Ni kweli. Polisi wa Lancashire walitumia MGA, iliyoitangulia MGB, na baadaye MGB yenyewe, na yalikuwa meupe. Mahali penyewe panaeleza sababu: barabara ya kwanza ya mwendo kasi nchini Uingereza, ile ya kuuzunguka mji wa Preston, ilifunguliwa katika jimbo hilo mwezi Desemba 1958, na barabara ya M1 ikafuata mwaka 1959. Barabara hizo hazikuwa na kikomo cha mwendo mpaka Desemba 1965, ulipowekwa ule wa maili 70 kwa saa, yaani takriban kilomita 112. Magari ya kawaida ya polisi wa wakati ule yalikuwa mazito. Wolseley 6/90, kwa mfano, ilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne, na yeyote aliyewahi kuteremka Escarpment, ule mteremko wa kuingia Bonde la Ufa, kwa gari la breki za dramu anajua zinavyolegea zikishapata moto. Gari jepesi halihitaji injini kubwa ili likimbie, na halihitaji breki kubwa ili lisimame. Polisi walikuwa wakiutafuta wepesi huo.

Hata hivyo, MGA ya wazi ina usumbufu wake. Haina kitasa cha mlango kwa nje wala kioo cha kupandisha. Mtu huingiza mkono ndani na kuvuta kamba ndipo mlango ufunguke. Fikiria askari anayetoka mbio katika mvua ya Lancashire, ambayo haichagui msimu, kisha ongeza redio ya upepo, kengele na taa, vyote vikinyonya umeme wa dainamo, kifaa cha kuchaji betri, ambayo injini ikizubaa (ikizunguka polepole gari limesimama) haitoi chaji ya maana. Kwenye magari ya wateja wangu nimeona betri ikifa kwa taa za mbele na feni ya ziada tu, ndani ya msongamano wa Mombasa Road. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa la kuligeuza gari la michezo kuwa gari la polisi lilikuwa umeme.

Gari la Uingereza ninalolipenda zaidi katika habari hii ni Daimler SP250, lililouzwa kuanzia 1959 hadi 1964. Polisi wa jiji la London walilitumia, likiwa jeusi, hasa kuwafuata vijana wa pikipiki waliokuwa wakishindana usiku kutoka mkahawa hadi mkahawa. Lilikuwa na injini ya V8 ya lita 2.5 iliyobuniwa na Edward Turner, mtu aliyejulikana zaidi kwa injini za pikipiki, bodi ya faiba, breki za diski mbele na nyuma, na uzito wa takriban tani moja. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba magari ya polisi yalikuwa na gia za otomatiki. Vijana wa leo wataona huko ni kuliharibu gari la michezo, lakini mimi naona mtu aliyeagiza hivyo aliijua kazi. Gari la polisi huendeshwa na madereva wengi kwa zamu, kila mmoja na mguu wake, na klachi ya gari la namna hiyo haidumu. Tena dereva anayeshika usukani mkono mmoja na redio mkono wa pili hana mkono wa tatu wa kubadilisha gia. Udhaifu wake ulikuwa katika fremu. Magari ya mwanzo yalipinda kiasi kwamba milango iliweza kufunguka yenyewe katika kona kali, ndipo kiwanda kikaongeza vyuma vya kuimarisha.

Lakini waliolifikiria jambo hili kwa kina kuliko wote ni Waholanzi. Rijkspolitie, yaani polisi wa taifa wa Uholanzi, walianza kutumia Porsche 356 ya wazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaendelea na 911 Targa, yenye paa la kuondolewa, na Porsche hazikuondoka katika doria ya barabara kuu mpaka 1996. Ukiangalia picha zao utaona askari wamevaa helmeti ndani ya gari, na watu hucheka. Walizivaa kwa sababu paa liliachwa wazi, ili askari aliyeketi pembeni aweze kusimama na kuongoza magari mengine kwa mikono, aonekane na aone mbali, mahali pa ajali au penye foleni.

Hoja ya fundi ni injini. Porsche za wakati ule zilipozwa kwa hewa: hakuna rejeta, hakuna mipira ya maji, hakuna kuchemka. Gari la doria hufanya mambo mawili yanayopingana, yaani kukaa ukingoni mwa barabara injini ikinguruma kwa muda mrefu, kisha kuondoka ghafla na kukimbizwa kwa nguvu zote. Injini ya maji yenye rejeta iliyoanza kuziba hushindwa hapo hapo. Hata MGB zinazoletwa kwetu kwa kuchemka nyingi huwa nzima, ila rejeta imejaa kutu. Injini ya Porsche nayo ina feni inayozungushwa na mkanda wakati wote, na mzigo wake mkubwa ni oili, ambayo lazima iwe safi na ya kutosha. Zaidi ya hayo, uzito wa injini uko juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo gari haliserereki ovyo linapoondoka kwenye lami iliyolowa. Likiingia kwenye kona kwa kasi na dereva akaachia mafuta kwa hofu, hapo ni habari nyingine, na ndiyo maana gari hilo lilihitaji dereva aliyefundishwa.

Wajerumani nao walitumia Porsche, na gari la 100,000 kutoka kiwanda hicho, mwezi Desemba 1966, lilikuwa 912 Targa la polisi wa Baden-Württemberg. Liangalie vizuri gari hilo: ni 912, lenye silinda nne na nguvu farasi 90, si 911 yenye silinda sita. Mnunuzi aliyetaka kujionyesha asingechagua hivyo.

Kuhusu Ferrari ya Roma, ambayo mchangiaji mmoja hapo juu ameiita hadithi, ni kweli pia. Polisi wa Roma walipata Ferrari 250 GTE mbili mwaka 1962. Moja iliharibika katika ajali mapema, na ya pili, nyeusi, ikaendeshwa na Armando Spatafora mpaka 1968. Husimuliwa kwamba aliwahi kumfukuza mhalifu kwa gari hilo hadi kuteremka zile ngazi maarufu za Trinità dei Monti. Kila msomaji na aamini kwa kadiri ya imani yake. Ninachokiheshimu ni matunzo. Silinda 12, plagi 12 na kabureta tatu za Weber zenye midomo miwili kila moja ni kitu kinachotaka fundi wake maalumu, na kabureta hizo zikipishana kidogo tu, gari hutetemeka likienda polepole na kukohoa. Kulitunza kazini kwa miaka sita katika jiji lenye msongamano ni sifa ya karakana yao kama ilivyo ya dereva.

Kwingineko nitapita haraka. Ufaransa, askari wa Gendarmerie walipewa Alpine A110, gari la faiba lililoshinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1971 na 1973. Japani, polisi wa Kanagawa walikuwa na Fairlady 240Z katika miaka ya 1970, gari ambalo sisi tunalijua kwa jina la Datsun na kwa ushindi wake katika Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Marekani walichelewa, kisha Ford ikawatengenezea Mustang maalumu ya V8 ya lita 5.0 kuanzia 1982 hadi 1993, wakati ambapo sheria za moshi zilikuwa zimezidhoofisha injini za magari yao makubwa.

Mwenzetu mmoja ameuliza mshukiwa aliketi wapi. Hakuketi. Kazi ya gari hilo ilikuwa kumfikia mtu, kumsimamisha na kuita gari jingine kwa redio. Ndiyo maana magari haya yalitoweka kadiri magari ya milango minne yalivyopata nguvu, diski na matairi mazuri: likishapatikana gari moja linalokimbia na kubeba watu, hakuna mhasibu atakayekubali kulipia mawili. Sisi tulikuwa na jibu letu. Kwa barabara zetu za miaka ile, Land Rover na Peugeot 504 zilifaa kuliko Porsche yoyote, na leo wapelelezi wana Subaru zao.

Sasa kuhusu wazo lako la kuipaka MGB yako rangi na nembo za polisi wa Uingereza kwa ajili ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Usifanye hivyo. Gari halikuwa la polisi, na majaji wa mashindano hayo huangalia jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Taa ya buluu na king'ora barabarani vitakuletea maswali ambayo hutayapenda. Liache jeupe kama lilivyo, ondoa rejeta ikasafishwe kabla hujafikiria jambo lolote jingine, na pima kama dainamo inachaji injini ikizubaa. Ukikuta haichaji, leta namba ya injini hapa ili tujue gari ni la miaka gani, kwa sababu MGB za baadaye zilitoka na alteneta, na mpangilio wa nyaya zake ni tofauti.