Kabla ya Kusema "Ni Wale Wale", Tazama Sharubu

Mwaka wangu wa pili wa kuendesha watalii Serengeti, niliwakuta simba dume wawili karibu na Seronera nikaanza kutamba: "Hawa ndio wenye kundi la hapa, nawafahamu tangu mwaka jana." Nilichokuwa nimeona ni sikio moja lililochanika, basi. Jioni kambini, dereva mmoja mzee akazitazama picha kwenye kamera ya mgeni wangu, akacheka. "Kijana, hawa ni wavamizi. Wenyeji wameshafukuzwa."

Kesho yake tulitafuta watoto wa kundi lile bila kuwaona. Tulimwona mama yao tu, chuchu zimejaa maziwa, anaita kwa sauti ya chini kwenye majani marefu, anasimama kusikiliza, anaita tena. Madume wapya wakitwaa kundi huua watoto wadogo, kwa sababu jike asiye na mtoto wa kunyonyesha huwa tayari kupandwa tena mapema, na wao hawana muda mwingi. Wengi hukaa na kundi miaka miwili au mitatu tu kabla hawajafukuzwa nao.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeanza kazi hii, jifunze sura. Masikio huchanika upya, na manyoya ya shingo hubadilika kwa umri na maradhi. Vidoti vya sharubu havibadiliki. Chukua darubini, tazama shavu: kuna mistari ya vidoti, na juu ya mstari kamili wa kwanza utaona vidoti vichache vilivyobaki peke yao. Chora vimekaa juu ya kidoti cha ngapi cha mstari huo kamili. Fanya shavu la kulia na la kushoto, maana hayafanani. Watafiti wanatumia njia hii tangu miaka ya 1970, nawe unahitaji daftari na penseli tu. Pua nayo iandike: ya kijana ni ya waridi, na jinsi anavyozeeka ndivyo weusi unavyoitapakaa.

Redio ya madereva kuitana isikutawale. Ukikimbilia kila wito utakuta magari ishirini na ncha ya mkia. Mimi hutoka geti likifunguliwa, nazima injini mahali pa juu, nasikiliza. Ngurumo husikika hadi kilomita 8, na alfajiri hewa ikitulia unaweza hata kuhesabu wangapi wananguruma. Simba wenyewe huhesabu. Majike wakisikia sauti nyingi za wageni husita kuzikabili. Halafu tazama vumbi la barabarani, madume wanapenda kutembea humo kama sisi.

Ukiwapata, usiwakatie njia wala usitoke barabarani. Najua mgeni atakunyooshea dola. Mwambie faini ni yako na leseni ni yako.

Kosa ninaloliona kila msimu ni hili: dume mmoja amelala chini ya mgunga, dereva anatangaza "huyu yuko peke yake". Madume wanaoshirikiana kundi hutengana hata siku kadhaa, mmoja yuko na jike, mwingine anakagua mpaka. Subiri. Mwezi uliopita nilisubiri kwa muda wa saa tatu na familia iliyokuwa imeshachoka, watoto wanalalamika njaa. Yule dume akainua kichwa, akatazama nyuma ya gari letu. Nikageuka polepole.

Walikuwa wengine wawili.